Mlinzi wa Mtoto Penye Majani ya Mto

Somo: Kutoka 2:1–10

Ndugu wapenzi katika Bwana, habari ya kuokolewa kwa Musa twaijua tangu utoto wetu. Twamkumbuka Farao na amri yake mbaya; twamkumbuka mama aliyemficha mwanawe miezi mitatu; twamkumbuka binti wa mfalme aliyeshuka mtoni kuoga. Lakini yuko mtu mmoja katika habari hiyo ambaye twampita upesi, wala katika mlango huo jina lake halikuandikwa. Ndiye umbu lake mtoto, yaani dada yake, aliyekaa kando akitazama mambo yatakwishaje.

Leo na tumwangalie binti huyu, kwa maana kazi yake haikukoma pale penye mto. Iko hata sasa katika nchi yetu, nayo ina sheria yake na watumishi wake. Watumishi hao huitwa maafisa ustawi wa jamii. Wengi wao ni vijana waliotoka chuoni juzi, wakapelekwa katika wilaya wasikokuwa na ndugu wala jamaa. Tena wako walio watoto wa sharika zetu: tuliwabatiza, tukawapa Kipaimara, tukawaombea walipokwenda kusoma. Sasa wamerudi kwetu na faili mkononi, nasi pengine twawaogopa, na wengine wetu wawachukia. Basi imetupasa kujua kazi yao ni nini mbele ya Mungu, na sisi tunawiwa nini nao.

1. Alisimama akatazama

Binti yule hakukimbia, wala hakulala. Alisimama karibu hata aweze kuona, tena mbali hata asimfichue mtoto kwa adui zake. Hapo ndipo inapoanza kazi ya kumlinda mtoto, yaani kutazama kwa saburi mpaka kweli ijulikane.

Sheria ya Mtoto ya Tanzania Bara, Namba 21 ya mwaka 2009, yasema ya kuwa mtoto ni kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18, na ya kuwa katika kila shauri limhusulo, jambo la kwanza la kuangaliwa ni mema ya mtoto mwenyewe. Tena sheria hiyo imeziwekea serikali za mitaa wajibu wa kuwalinda watoto walio katika mipaka yao. Maneno hayo ni mepesi yakisomwa. Lakini ni nani atakayekwenda mpaka nyumba ile iliyo mwisho wa kijiji, mvua ikinyesha, aone mtoto amelala wapi, amekula nini, na alama zile za mgongoni zimetoka wapi? Ndiye kijana huyu aliyeajiriwa mwaka huu.

Apokea habari, aiandika, afungua faili. Aenda nyumbani. Azungumza na mtoto peke yake, pasipo kuwapo yule amwogopaye. Amwuliza mwalimu wa shule, amwuliza jirani, amwuliza bibi mzaa mama. Atazama cheti cha zahanati. Halafu aketi kuandika taarifa itakayosomwa na wakubwa wake, na pengine na hakimu wa Mahakama ya Watoto. Ayubu alipokumbuka siku zake za heri alisema ya kuwa alikuwa baba wa maskini, na shauri la mtu asiyemjua alilichunguza (Ayubu 29:16). Angalieni, Ayubu hakukisia. Alichunguza.

Kwa maana neno la jirani laweza kutoka katika wivu, na mama wa kambo aweza kusingiziwa bure. Tena baba mwenye maneno matamu na nyumba iliyofagiwa aweza kuwa mtenda mabaya ndani ya nyumba hiyo hiyo. Mithali yatuonya ya kwamba anenaye kwanza huonekana ana haki, mpaka mwenzake afike na kumhoji (Mithali 18:17). Tumefundishwa katika Katekisimo amri ya nane, inayokataza ushuhuda wa uongo. Mtumishi wa watoto ashikaye kalamu yake kwa haraka aweza kuivunja amri hiyo kwa mstari mmoja, na nyumba nzima ikaharibika.

Wala kutazama huko si kazi rahisi kwa moyo. Mtoto aliyepigwa humlilia yule yule aliyempiga, kwa maana hana mama mwingine. Mtumishi kijana aliyedhani atapokewa kama mwokozi ashangaa kuona mtoto akishika mlango asitoke. Imempasa kuyaelewa machozi hayo asiyachukie, na wakati huo huo asikubali yafunike hatari aliyoiona kwa macho yake.

2. Wakati ulipofika, alinena

Kutazama tu hakukutosha. Kisafina kilipofunguliwa na mtoto akalia, binti yule alitoka mahali pake akamwendea binti wa Farao. Fikirini jinsi jambo hilo lilivyokuwa la kutisha. Yeye ni mtoto wa watumwa. Aliye mbele yake ni binti wa yule aliyetoa amri ya kuua. Hakuwa na cheo, wala ulinzi, wala umri. Alikuwa na swali moja tu, nalo alilisema kwa adabu: je, amtafute mlezi katika wanawake wa Waebrania?

Basi kijana wetu naye hufika mbele ya wakubwa. Tuseme yuko binti wa miaka 13 aliyetendewa uovu na mtu wa heshima kijijini. Wazee wa pande zote mbili wamekwisha kuketi. Mbuzi wametajwa, fedha zimetajwa, na mama wa mtoto ameambiwa anyamaze. Afisa aja, naye ni mwanamke wa miaka 25. Wamwambia, "Mwanangu, wewe u binti yetu. Mambo haya humalizwa nyumbani. Usituaibishe." Yeye naye ajibu, "Shikamooni, wazee wangu. Nawaheshimu kama baba zangu. Lakini jambo hili si langu kulifuta, wala si lenu. Ni la mtoto, na sheria imekwisha kulinena." Kisha arudi kwake akitetemeka, asijue kesho watamsalimu au watamgeuzia mgongo.

Ndugu, tusijidanganye ya kuwa mambo haya ni ya mbali. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi katika nchi yetu nzima, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2011. Vijana wa kike na wa kiume waliulizwa habari za utoto wao. Katika wanawake, karibu 3 katika kila 10 walisema walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Katika wanaume, kiasi cha 1 katika kila 7. Tena kiasi cha nusu ya wasichana waliotendewa hayo hawakumwambia mtu ye yote, na wavulana walionyamaza walikuwa wengi zaidi. Hesabuni basi watoto waketio katika madawati ya shule ya Jumapili, mpate kuona ya kuwa hesabu hiyo imeingia mpaka ndani ya kanisa.

Nasi tulio wazee wa kanisa na waalimu wa Injili tumejaribiwa hapa kuliko watu wengine. Mshitakiwa akiwa mtu wa nje, twapaza sauti. Akiwa mwenzetu, mwenye kutoa sadaka kubwa, au mwimbaji wa kwaya, au mzee wa usharika, twaanza kusema habari za msamaha na umoja na jina jema la kanisa. Mungu apishe mbali! Msamaha wa Kristo ni kwa mwenye dhambi aungamaye, wala si pazia la kumfunika atendaye dhambi apate kutenda tena. Bwana wetu aliwatangazia ole watu wamkoseshao mmoja wa wadogo hawa, akataja jiwe la kusagia na kilindi cha bahari (Mathayo 18:6). Hakuweka neno la kumtoa katika ole hiyo mtu mwenye cheo katika usharika.

3. Alitafuta nyumba

Tazameni sasa hekima ya binti huyu. Hakutaka mtoto aokolewe katika maji tu, kisha iwe basi. Alitaka apate mahali pa kulelewa, naye akamwita mama yake mwenyewe. Mtoto akarudi kifuani alikotoka, lakini hakurudi kama alivyokuwa kwanza. Sasa alikuwa chini ya ulinzi wa nyumba ya mfalme, na mama alipewa ujira wa kumlea.

Hiyo ndiyo njia wanayofundishwa watumishi wa watoto hata leo. Kwanza huuliza, je, mtoto aweza kukaa na wazazi wake, nyumba ikisaidiwa na kuangaliwa? Mara nyingi mama anayeitwa mbaya ni mama aliyechoka, mwenye njaa, asiye na mtu. Kama haiwezekani, je, yuko bibi, au shangazi, au mjomba mwenye moyo? Kama hayuko, je, iko familia ya kuaminika itakayompokea kwa muda katika malezi ya kambo? Makao ya watoto huja nyuma ya hayo yote. Makao hayo yamefanya mema mengi. Lakini mtoto ahitaji mtu mmoja atakayejua kulia kwake kati ya vilio vingine, tena ahitaji pahali pa kurudi atakapokuwa mtu mzima.

Kisha iko njia ya mwisho, iitwayo kuasili. Hapo mtoto ambaye hawezi kurudi kwao huwa mwana wa nyumba nyingine kabisa, kwa amri ya Mahakama Kuu. Kwa kawaida sheria yataka mwombaji awe amepita miaka 25, tena amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi, ili awe mzazi kweli kweli. Mtoto hukaa kwanza na watu hao kwa muda, na afisa huwatembelea, huangalia, huandika. Wengine huudhika na maswali yake, wakisema, "Tumekuja kutenda wema, mbona twahojiwa kama wezi?" Wasiudhike. Ahojiye hivyo ndiye asimamaye penye majani kwa ajili ya mtoto asiyeweza kuhoji.

Kwa maana wako waombao mtoto, na haja yao ni mchungaji wa mbuzi, au msichana wa kuteka maji na kubeba mtoto mwingine mgongoni. Wako waombao ili majirani wasijue ya kuwa hawakujaliwa kuzaa, nao wataka mtoto asiambiwe kamwe asili yake. Lakini Maandiko yasema ya kuwa Musa alikuwa mwana kwa binti wa Farao. Hakuwa mtumishi wake. Alifundishwa elimu yote ya Misri (Matendo 7:22). Tena alipokuwa mtu mzima aliwajua ndugu zake, akatoka kwenda kuwatazama. Alilelewa na mama wawili, wala hakudanganywa. Nayo sheria yetu yampa mtoto aliyeasiliwa haki ya kurithi kama mtoto wa kuzaliwa. Wajomba wasije wakamfukuza shambani siku ya matanga.

Nasi Wakristo tungekuwa watu wa kwanza kulifahamu neno hili. Paulo ameandika ya kuwa Mungu alimtuma Mwanawe ili sisi tupate kufanywa wana (Wagalatia 4:4–7). Hakuna hata mmoja wetu aliyezaliwa katika nyumba ya Mungu kwa damu yake. Sote tumeasiliwa. Tulipobatizwa tulipewa jina na urithi, wala Baba hatukumbushi kila siku ya kuwa tulikuwa wageni. Basi mtu aliyepokelewa hivyo, aonaje haya kumpokea mtoto wa mwingine mezani pake?

Baba zetu wa imani walilifahamu. Martin Luther na mkewe Katharina walizaa watoto sita, na pamoja nao waliwalea yatima wa jamaa zao. Mwaka 1698 mchungaji August Hermann Francke alianza kujenga nyumba kubwa ya yatima kule Halle, Ujerumani. Na hapa kwetu, tangu wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI walipotambuliwa Kagera mwaka 1983, nyumba nyingi zilibaki na bibi na wajukuu tu. Nayo Dayosisi ya Kaskazini Magharibi ikaanzisha kazi iitwayo Huduma ya Watoto, kuwasaidia yatima hao wakae kwa jamaa zao. Njia hiyo basi imekwisha kukanyagwa mbele yetu.

4. Neno kwako wewe uliyeanza kazi hiyo

Kijana mpenzi, tumesema habari zako. Sasa tuseme nawe. Ukimtoa mtoto nyumbani, watu husema umevunja nyumba. Ukimwacha, naye akapata dhara, husema ulikuwa wapi. Faili ni nyingi, pikipiki haina mafuta, na hakimu ataka taarifa kesho. Usiku walala ukiona uso wa mtoto uliyemwacha jioni, ukijiuliza kama umefanya vema. Wengine waliotangulia katika kazi hiyo wamekuwa wagumu kama jiwe, wasisikie tena. Na wengine wameikimbia.

Basi kumbuka ya kwamba umbu lake Musa hakumwokoa Musa peke yake. Kabla yake walikuwako wazalishaji Shifra na Pua, waliomcha Mungu wakakataa kuua. Alikuwako mama aliyekipaka kisafina lami. Alikuwako binti wa mfalme aliyeona huruma. Kila mmoja alishika sehemu yake, na mkono wa Bwana ulizifunga sehemu hizo pamoja. Binti yule hakuweza kuuzuia mto, wala hakuweza kubadili moyo wa Farao. Aliweza kusimama, na kuuliza, na kukimbia kumwita mama. Alifanya hayo matatu, na Mungu akayatumia.

Kwa hiyo tenda sehemu yako kwa uaminifu. Andika uliyoyaona, usiandike uliyoyadhania. Usimwahidi mtoto neno usiloweza kulitimiza, kwa maana amekwisha kudanganywa na wengi. Usipokee zawadi kwa mtu mwenye shauri mbele yako, hata kuku mmoja, kwa kuwa rushwa huwapofusha hata wenye macho (Kutoka 23:8). Siri ya mtoto isitoke kinywani mwako njiani wala sokoni. Usibebe shauri zito peke yako. Mwendee aliye mkubwa katika kazi, ukamwulize. Na siku ya Bwana, weka faili chini, uje kanisani kama mtoto mwenye Baba.

Tena ujue ya kuwa hutahesabiwa haki mbele za Mungu kwa mashauri uliyoyamaliza vizuri. Wahesabiwa haki kwa imani katika Kristo, bure. Wako watoto utakaochelewa kuwafikia. Wako utakaowaamua kwa nuru ndogo uliyokuwa nayo siku ile. Mpelekee Bwana hayo, upokee msamaha wake, na asubuhi uende tena. Mtu aliyesamehewa aweza kutazama maumivu pasipo kuyakimbia na pasipo kuwa jiwe.

5. Neno kwetu sote

Sheria ya Mtoto imemwekea kila mtu katika jamii wajibu wa kutoa habari, ajuapo ya kuwa mtoto anadhulumiwa. Basi mwalimu wa Injili, mtoto akikujia na neno kama hilo, fanya hivi. Msikilize mpaka mwisho, wala usimkemee. Usimwulize maswali mengi, kwa maana ataulizwa na wenye kazi hiyo, na kila kurudia ni kidonda kipya. Usimwambie ya kuwa utaficha, bali mwambie ya kuwa utamtafutia msaada. Usimwite mtuhumiwa na mtoto kuketi pamoja mbele ya baraza la wazee. Siku ile ile peleka habari kwa afisa ustawi wa jamii, au kwa Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi. Au piga simu ya watoto, namba 116, isiyotozwa malipo. Na katika maombi ya kanisani, usitaje jina la mtoto.

Kisha mwangalieni afisa wenu. Ni mgeni, mkaribisheni chakula. Akija kuuliza, mwambieni kweli, hata ikiwa juu ya jamaa yenu. Akitukanwa sokoni, mmoja wenu amtetee. Na nyumba zilizo na nafasi moyoni ziende kwake, zikamwambie, "Tuandike. Akitokea mtoto asiye na pa kulala usiku, tupo." Usharika wenye nyumba tatu za namna hiyo umehubiri Injili kwa sauti kubwa kuliko kengele yake.

Farao alikuwa na jeshi, na mtoto alikuwa na dada mmoja asimamaye penye majani. Mungu alianzia hapo kuwatoa watu wake utumwani. Tusiidharau basi kazi ya wadogo wasimamao.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyekuwa mtoto mchanga, ukakimbizwa Misri usiku mbele ya mfalme mwuaji, wawekee watoto wetu walinzi. Wape watumishi wao macho ya kuona, na kinywa cha kunena kwa adabu pasipo woga. Uyafungue malango ya nyumba zetu. Utusamehe kunyamaza kwetu, na siku ya kutisha utuonyeshe mahali petu pa kusimama. Amin.